Zulia la Kijani Katika Tangi Dogo la Samaki: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mmea Unaoendana na Maji Yako

Picha ndizo zinazowaponza wengi. Mtu anaona tangi la samaki lenye sakafu ya kijani kibichi, majani madogo yamebanana hadi mchanga hauonekani, anauliza jina la mmea na kuuagiza kwa bei mbaya. Wiki tatu baadaye amebaki na mchanga mtupu na majani yaliyooza. Picha haikumwonyesha mtungi wa gesi ya kabonidioksidi uliofichwa kabatini, wala taa kali iliyoning'inizwa juu, wala mashine ya kupoza maji. Mmea hauna kosa, na si kweli kwamba mtu huyo ana mkono mbaya. Alianza na mmea akamalizia na maji, wakati ilipaswa kuwa kinyume.

Kwa hiyo tutaanza na joto, maji na mwanga uliopo nyumbani kwako, kisha ndipo tuulize mmea gani utakubali kuishi humo. Mfano wetu ni tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, linalochukua lita 54 kabla ya kuwekwa mchanga na mawe. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu kina cha sentimita 30 kinaruhusu mwanga kufika chini bila taabu. Tangi la kina cha sentimita 50 linadai taa yenye nguvu zaidi, na kila ukipogoa mkono utalowa hadi begani.

Hatua ya 1: Pima joto kwa wiki nzima

Tumbukiza kipimajoto ndani ya maji, usome saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, uandike. Usikisie. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, maji ya tangi mara nyingi husoma kati ya nyuzi 27 na 31, na Desemba hadi Machi ndio wakati mgumu zaidi. Nairobi, Arusha au Mbeya unaweza kukuta 19 hadi 23, na Julai usiku yakashuka zaidi.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Joto likipanda, mmea unapumua kwa kasi na kula sukari ileile uliyoitengeneza mchana, hivyo kinachobaki cha kujengea majani mapya ni kidogo. Papo hapo maji ya moto hayashiki gesi vizuri: kwenye nyuzi 30 yanaweza kubeba kabonidioksidi pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na nyuzi 20. Ndiyo maana mmea uliotanda vizuri kwa rafiki yako wa Nairobi unaweza kudhoofu Mombasa chini ya taa ya aina ileile.

Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji inaweza kushusha nyuzi 2 hadi 3, kwa kuwa maji yanapoa yanapogeuka mvuke. Pwani, ambako hewa tayari ina unyevu mwingi, nafuu huwa ndogo zaidi, lakini si haba. Ongeza maji kila siku kufidia yaliyopotea, na yawe ya mvua au yaliyochujwa chumvi. Ukiongeza ya kisima kila mara, chumvi na chokaa vinabaki nyuma na kujilimbikiza.

Hatua ya 2: Yajue maji yako

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye mito inayoshuka kutoka milima ya Aberdare, nayo ni laini. Pwani hali ni nyingine. Nyumba nyingi zinategemea visima vilivyochimbwa kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu, mara nyingi yenye chumvi. Angalia ndani ya birika lako la kuchemshia. Ukoko mweupe uliogandana chini ni chokaa, na chokaa hiyohiyo ndiyo itakayoingia kwenye tangi.

Vijiti vya kupimia vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo vinatosha. Ugumu wa jumla kati ya digrii 3 na 10 (dGH) unaifaa karibu mimea yote nitakayoitaja. Ukizidi 15, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kinga inayofuata. Maji ya bomba yenye klorini yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi au tumia dawa ya kuondolea klorini.

Hatua ya 3: Amua mapema kama utatumia gesi

Uamuzi huu ndio unaoamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa hiyo tulia hapa. Mmea uliozama unahitaji kabonidioksidi ili utumie mwanga. Ukiwasha taa kali bila gesi, mmea unashindwa kuutumia mwanga wote, na mwani unaufaidi.

Boksi la taa ya LED huandikwa idadi ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Bila gesi, lenga lumeni 20 kwa lita, yaani karibu 1,100 kwa tangi letu, kwa saa 6 hadi 7 kwa siku. Ukiwa na gesi ya uhakika unaweza kufika 40 kwa lita, sawa na lumeni 2,160. Nunua na kifaa cha kuwasha na kuzima taa kwa saa maalumu, maana mimea na mwani havisamehe mtu anayewasha taa saa 4 leo na saa 10 kesho.

Njia rahisi ya kupata gesi ni sukari na hamira. Chukua chupa ya soda ya lita 2, weka sukari gramu 200, maji ya uvuguvugu lita moja na robo kijiko cha chai cha hamira. Toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba na uzibe pembeni pasivuje. Mpira uingie kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji kiasi, itakayodaka povu, ndipo uende kwenye tangi ukiwa na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Chupa moja hufanya kazi kama wiki mbili, na pwani huisha mapema kwa sababu ya joto. Usiubane wala kuufunga mpira huo hata kwa dakika chache, kwa sababu shinikizo likikosa njia chupa hupasuka. Jambo jingine ni kwamba hamira haizimwi usiku. Ukiamka ukakuta samaki wanapumulia juu ya maji, ongeza hewa kwa pampu usiku kucha na upunguze hamira safari ijayo.

Mtungi wenye regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi) na vali ya umeme ni ghali lakini unatii. Ufungue saa moja au mbili kabla ya taa, uufunge saa moja kabla taa haijazimwa. Anza na kiputo kimoja kwa sekunde. Kipimo kidogo cha kioo chenye kimiminika cha rangi kinachoning'inizwa ndani ya tangi kitakuambia hali. Buluu ina maana gesi ni haba, kijani inaashiria kama miligramu 30 kwa lita, njano inamaanisha samaki wako hatarini.

Hatua ya 4: Sasa chagua mmea

*Nyumba ya pwani, joto nyuzi 28 na zaidi, hakuna gesi.* Mmea wangu wa kwanza hapa ni Marsilea hirsuta, na nitautetea mbele ya yeyote. Asili yake ni Australia, ni jamii ya kangaga, hautoi maua bali unazaa kwa spora. Dukani utaukuta na vikonyo virefu na majani manne yaliyopangika juu kwa sababu umekuzwa nje ya maji. Ukizama unayaacha hayo na kutoa jani moja la duara karibu na mchanga. Unakwenda polepole. Miezi miwili ya kwanza utadhani umelala, kumbe unatambaza mashina chini ya mchanga. Ukishakolea, kazi ya kupogoa ni ndogo sana, na kwa mtu mwenye shughuli nyingi hilo lina thamani kuliko kasi.

Wa pili ni Cryptocoryne parva wa Sri Lanka, mdogo kuliko jamaa zake wote, wenye kimo cha karibu sentimita 5. Huyu hukua polepole kuliko hata Marsilea. Panda vipande vingi tangu mwanzo, kwa sababu hautajaza nafasi haraka. Usiuhamishe hamishe pia, maana jamii hii ikisumbuliwa huyeyusha majani yote, ndipo ianze upya kutoka kwenye mizizi.

Kama kisima chako kina chumvi kidogo, nenda kwa Sagittaria subulata. Kwao, pwani ya mashariki ya Marekani, huota hata kwenye midomo ya mito ambako maji ya chumvi na ya mto hukutana. Unastahimili maji magumu na hutupa vitoto kwa kasi nzuri. Kasoro yake ni kimo. Mwanga ukiwa hafifu unaweza kupita sentimita 15, kwa hiyo upande nyuma kidogo, usiupange mbele kabisa ya kioo.

*Nyumba ya nyanda za juu, maji ya nyuzi 20 hadi 25, gesi ya hamira.* Hapa mlango umefunguka. Micranthemum tweediei, wenye asili ya Argentina na unaouzwa kwa jina la Monte Carlo, ndio ningempa mtu anayetaka lile zulia la kwenye picha. Majani yake ni ya duara, madogo, na hufunika kioo hadi kioo ukipata gesi ya wastani. Unastahimili makosa kuliko binamu yake wa Cuba nitakayemtaja hivi punde. Nyasi za maji, Eleocharis acicularis na Eleocharis parvula, nazo zinafaa sana. Kabla ya kuzipanda zikate zibaki sentimita 3, maana majani marefu ya zamani hugeuka kahawia na kushika mwani. Hiyo parvula kwa asili ni mmea wa vinamasi vya chumvi, kwa hiyo hata mtu wa pwani mwenye gesi anaweza kuijaribu. Staurogyne repens wa Brazili una majani mapana zaidi. Unapendeza kama kipande kimoja mbele ya jiwe, ila kwa tangi lote la sentimita 60 huonekana mzito.

*Gesi ya mtungi, taa kali, maji yasiyozidi nyuzi 25.* Hapo pekee ndipo ningekuruhusu Hemianthus callitrichoides, mmea wa Cuba ambao jani lake halifiki milimita 3. Ukistawi, mchana utaona viputo vya oksijeni vimeshika kwenye ncha za majani, kimoja kimoja vikipanda juu, na hakuna mwenye tangi asiyesimama kuvitazama. Gesi ikiyumba siku tatu, huanza kuwa njano katikati. Glossostigma elatinoides wa Australia na New Zealand, ambao mpiga picha Mjapani Takashi Amano aliupa umaarufu katika matangi yake, una kasi kubwa na tabia moja ya kukumbuka: mwanga ukipungua huacha kutambaa na kuanza kusimama.

Ukibaki na mashaka kati ya mimea miwili, chukua ule unaodai kidogo.

Hatua ya 5: Mchanga

Chembe za milimita 1 hadi 3 ndizo bora. Mchanga laini kama unga hubanana, mizizi ikakosa hewa, na kokoto kubwa haziwezi kushika mmea mdogo.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, hata ukiuosha mara kumi. Uweke kijiko kimoja kwenye kisosi, udondoshee siki, uinamie karibu. Ukisikia mchirizo na kuona mapovu membamba yakitoka pembeni mwa vipande vyeupe, hivyo ni vipande vya kombe na matumbawe. Ndani ya tangi vitayeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu zaidi kila wiki. Mchanga wa mtoni ukinyamaza chini ya siki, huo ndio wako. Uoshe hadi maji ya ndoo yatoke safi.

Chini yake unaweza kutandika sentimita 2 za udongo wa bustani uliochekechwa, usio na samadi, na juu sentimita 3 hadi 4 za mchanga. Upande wa nyuma nyanyua hadi sentimita 7 ili zulia lionekane likipanda. Mbolea ya shambani kama urea, CAN au DAP isiingie kabisa kwenye maji: amonia yake inaua samaki. Kama hutumii udongo, vidonge vya mbolea vya kufukia kwenye mizizi vinatosha kila miezi 2 au 3.

Hatua ya 6: Hesabu kabla ya kununua

Tuseme mawe na mimea ya nyuma vimeacha eneo wazi la sentimita 40 kwa 15. Hilo ni eneo la sentimita 600 za mraba. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 3, kila kipande kinachukua sentimita 9 za mraba, kwa hiyo unahitaji vipande 66 hivi. Kikopo kimoja cha dukani hugawanyika vipande 12 hadi 15, basi nunua vikopo vitano. Anayenunua viwili ili kuokoa fedha huacha mchanga wazi kwa miezi, na pale penye wazi ndipo mwani unapoanzia. Vikopo vilivyofungwa vya maabara, ambamo mmea umekuzwa kwenye jeli, ni salama zaidi kwa sababu havina konokono wala mwani, ila jeli yote lazima ioshwe.

Marsilea wa porini huota kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya mvua Afrika Mashariki, na kishawishi cha kwenda kuung'oa bure kinaeleweka. Mimi nakukataza. Maji hayohayo hubeba konokono wanaoeneza kichocho, na konokono mdogo aliyejibana chini ya jani huwezi kumwona kwa urahisi. Lipa dukani.

Hatua ya 7: Kupanda

Ondoa kikopo na ile pamba ya mawe inayoshika mizizi, yote, hata kama mizizi kadhaa itakatika. Gawa vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Marsilea ikate vikonyo virefu, ubakize shina linalotambaa na mizizi yake.

Mchanga uwe umelowa bila maji kusimama juu yake. Shika kipande kwa kibano kirefu karibu na mizizi, kiingize kwa mshazari hadi ncha za majani tu zibaki juu, legeza kibano, kitikise kidogo, kisha kivute taratibu kwa njia ileile kilipoingilia. Ukikivuta wima, mmea utatoka nacho. Cryptocoryne na Sagittaria ni tofauti: pale majani yanapoanzia pabaki juu ya mchanga, la sivyo pataoza. Nyunyizia maji kila baada ya dakika chache, maana mmea uliozoea unyevu hukauka upesi mbele ya feni.

Sasa una njia mbili. Unaweza kujaza maji siku hiyohiyo, ukimimina juu ya sahani ili mchanga usitifuke. Au unaweza kuanza kwa ukavu: acha kiwango cha maji kiwe chini kidogo ya uso wa mchanga, funika tangi kwa plastiki ya kufunikia vyakula, washa taa kwa muda wa saa 10 hadi 12 kwa siku, nyunyizia kila siku, na ufunue dakika 5 kila asubuhi kuzuia ukungu. Mmea unapata kabonidioksidi hewani bila gharama na mizizi inashika sawasawa ndani ya wiki 5 hadi 8. Inaifaa sana Marsilea, nyasi na Monte Carlo. Lakini usije ukadhani ukavu huo utaugeuza mmea wa Cuba kuwa mmea usiohitaji gesi. Siku utakayojaza maji, gesi ya hewani imekwisha, na mmea huo utayeyuka mbele yako.

Hatua ya 8: Wiki sita za mwanzo

Majani ya zamani yatakufa. Hilo ni la kawaida kwa mmea uliokuzwa nje ya maji, kwa sababu unayatupa ili uote mengine ya majini. Tazama kitovu cha kila kipande, siyo majani ya nje. Ukiona chipukizi ndogo ya kijani, mmea uko hai. Yanayooza yanyonye kwa mpira.

Badili nusu ya maji mara mbili kwa wiki, hasa kama umetandika udongo, maana mwanzoni hutoa amonia. Vumbi la kahawia juu ya mchanga na majani wiki ya pili au ya tatu huisha lenyewe. Nyuzi za kijani ndizo za kushughulikia: zizungushe kwenye mswaki mkuukuu, uvute, na upunguze muda wa taa hadi saa 6 kwa siku.

Hatua ya 9: Samaki gani

Subiri hadi vipimo vya amonia na nitriti, ambazo zote ni sumu kwa samaki, visome sifuri. Kisha vuta kwa upole kipande kimoja cha zulia. Kikigoma, samaki waingie.

Samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa na wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono ni fahari yetu, lakini kazi yao ni kuchimba. Wataling'oa zulia lote. Goldfish atalila. Gapi, tetra wadogo na kamba wadogo wa Neocaridina wanakaa nalo kwa amani. Kuna pia Nothobranchius guentheri, samaki wa madimbwi ya msimu ya Unguja, dume lake likiwa na mkia mwekundu unaong'aa juu ya kijani. Tafuta waliozalishwa na wafugaji, uweke dume moja na majike kadhaa.

Hatua ya 10: Pogoa kabla hujaona haja

Zulia la Monte Carlo au la mmea wa Cuba likifika unene wa sentimita 3, tabaka la chini linakosa mwanga, linakufa, na siku moja linanyanyuka lote kama mkeka na kuelea. Likate hadi sentimita 1 kwa mkasi uliopinda kila wiki 4 hadi 6, ukizima chujio ili vipande visisambae, kisha uvikusanye kwa wavu. Nyasi zikate vivyo hivyo. Marsilea na Cryptocoryne ziondolee tu majani yaliyochakaa.

Vipande vyenye afya uvipande palipo wazi au umpe jirani anayeanza tangi. Vilivyobaki visiende mtaroni, kwa sababu mtaro huishia mtoni. Gugu maji la Ziwa Victoria na Salvinia, gugu jingine linaloelea, la Ziwa Naivasha ni mimea ya Amerika Kusini iliyofika kwenye maji yetu kwa mikono ya watu. Vianike juani siku 3 vikauke kabisa, ndipo uvitupe kwenye shimo la mboji.